Masikio ya Baba Mkubwa

Jumamosi, mwanzoni mwa Februari. Upepo wa kaskazini haujakoma tangu jana. Barafu nyembamba imeshika vioo vya magari na ngazi za nje zinateleza. Meneja wa jengo amemwaga chumvi, lakini kwa ngazi za upande wake tu. Sitaki kumsingizia, labda chumvi ilimwishia.

Alfajiri tuliangalia mazishi ya Baba Mkubwa kwenye simu, mimi na Baba na Mama, simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari. Baba hakuweza kusafiri. Nyonga yake ilipasuliwa mwezi uliopita na daktari alimkataza katakata kupanda ndege. Binamu aliyekuwa anapiga picha kule nyumbani alikuwa hatulii, kwa hivyo tuliona viatu vya watu wengi, na migomba, na mgongo wa mchungaji. Ilipofika wakati wa kutupa udongo, picha iliganda. Tulibaki tunaangalia mkono wa mtu tusiyemjua, umenyooshwa juu ya kaburi, umefunguka nusu. Baba aliuangalia mpaka simu ikazimika yenyewe. Kisha akasema, "Nafula, niletee ule mfuko."

Mfuko wenyewe ni ule wa plastiki wenye zipu unaokuja na blanketi. Nilipoufungua ilitoka harufu ya dawa ya kuchua misuli, na kafuri, na kitu kingine ambacho mimi nasema ni nyasi, ingawa najua nyasi haziwezi kunukia miaka yote hiyo. Ndani mna jezi ya raga, ya kijani, nzito kama blanketi la mtoto, kola yake nyeupe imekuwa rangi ya chai.

Mimi si mwandishi. Shule niliiacha mapema nikaingia kazi ya kulea wazee, na kwenye daftari langu huwa naandika hali ya hewa, mgonjwa wangu amelalaje, na tumekula nini. Lakini hiyo harufu imenitoa hapa mezani ikanirudisha Euless, hapa hapa Marekani, kwenye zile apartimenti zetu za zamani chini ya njia ya ndege. Nanyi wa rika langu mlilelewa kwenye apartimenti kama zile. Nikikosea mtanisahihisha.

Mnakumbuka jinsi kila mtu mzima aliyeishi pale alivyokuwa mtu mwingine nyumbani? Aliyekuwa anafagia sinema alikuwa mwalimu mkuu. Mama aliyesuka watu jikoni alikuwa na duka la vitambaa Bungoma. Mzee wa jengo la nyuma, Mkongo, alikuwa hakimu, na siku za Jumapili alivaa suti ya kuonyesha hivyo. Sisi watoto tulisikia hizo habari mpaka zikawa kama sauti ya friji. Huwezi kusema ni uongo, huwezi kusema ni kweli, unaendelea kula nafaka yako na maziwa.

Kwa hivyo Baba Mkubwa alipokuja kukaa nasi, nami niko darasa la tatu, na ikasemekana kwamba aliwahi kuchezea Kenya raga, tena zamani, wakati timu ilikuwa ya Wazungu na Waafrika wa kuhesabika, sikushangaa wala sikuamini. Kilichonishangaza ni mwili wake. Aliinama kuingia mlangoni. Godoro lake la sebuleni lilimwishia magotini, Mama akaongezea mito miwili. Na masikio. Sijui niyaeleze vipi. Hayakuwa na mikunjo kama yetu. Yalikuwa yamejaa, magumu, kama donge la unga wa chapati lililosahauliwa juu ya meza likakauka. La kulia lilikuwa baya zaidi.

Mimi nilijua sababu, wala sikujiuliza kama alikuja nayo hivyo. Baba Mkubwa alipata kazi ya kupakia mizigo chini ya ndege, na kila jioni alirudi na vile vizibo vikubwa vya masikio vinaning'inia shingoni. Ndege hizo hizo zilipita juu ya paa letu na vikombe vikatetemeka kabatini. Ikiwa kikombe kinatetemeka huku, je, sikio la mtu aliyesimama chini yake? Niliona wazi kabisa: mngurumo ulikuwa umeyapika. Tena nilikuwa na ushahidi. Jirani yetu wa chini, Sione, mtu wa visiwa vya Tonga, naye alifanya kazi uwanja wa ndege, naye masikio yake yalikuwa hivyo hivyo. Watonga walikuwa wengi pale Euless na wengi wao walikuwa huko huko kwa ndege. Nani angenibishia?

Basi nilikuwa naziba masikio kwa viganja kila ndege ikipita, hata darasani, hata kanisani wakati wa sala. Baba, ambaye aliendesha mashine ya kuinua mizigo kwenye ghala karibu na uwanja, akisinzia kwenye kochi nilimwendea polepole nikamkagua, kushoto na kulia. Na Baba Mkubwa akiingia nilimuuliza, "Yameuma leo?"

"Nini, mama?"

"Masikio."

"Leo hayajauma." Alijibu kwa adabu kama anayejibu mtu mzima. Hakuniuliza hata mara moja kwa nini nauliza.

Jumamosi asubuhi alikaa kwenye ngazi, akakunja suruali akachua goti lake kwa ile dawa, na wakati wa kuchua ndipo alipoongea. Shuleni kwao mwalimu Mzungu aliwapanga mlangoni, waliogusa fremu ya juu kwa kichwa akawapeleka uwanjani bila kuwauliza. Hakuwa na viatu; alicheza msimu mzima peku, akikanyagwa na watoto wa masetla wenye njumu, mpaka akajifunza kuwa yeye wa kwanza kufika kwenye mpira ili miguu yake ikingwe na miili ya watu walioanguka juu yake. Baadaye, kwenye klabu, walibadilishia nguo nyuma ya stoo. Baadaye tena akaitwa timu ya taifa. Aliyasema yote kwa sauti moja, kama mtu anayekueleza njia ya kufika posta. Vijana wa kanisa letu, wale wa chuo, walianza kuja kumsikiliza. Walitaka kuunda timu, nao wakamwomba awafundishe. Siku hizo alitembea akiwa amenyooka zaidi, na mlangoni aligonga kichwa kwa kusahau kuinama.

Baba hakuja kwenye ngazi. Raga ikitajwa, alienda kuangalia mafuta ya gari.

Nilimuuliza Mama siku moja akinisuka. Alinishika kichwa kati ya magoti nisigeuke.

"Babu yako alipofariki," akasema, "Baba Mkubwa hakuwepo kuzika. Na kwetu mtoto wa kwanza wa kiume ndiye hutupa udongo wa kwanza. Wavulana walikuwa wawili tu. Walingoja, wakangoja, mwisho wakamsukuma baba yako mbele. Alikuwa mdogo kuliko wewe."

"Alikuwa wapi?"

"Yeye husema alikuwa Zambia na timu."

"Na watu?"

"Watu husema mengine. Tulia nimalize."

Ile jezi ya kijani ilikuwa ya huko Zambia, na ndege tai mkubwa ameshonwa kifuani. Baba Mkubwa alisema walibadilishana na mchezaji wa upande wa pili mechi ilipoisha. Ndicho kitu pekee alichokuwa nacho cha maisha yale yote.

Sasa nifike kwenye sherehe ya Jamhuri. Ilifanyika kwenye ukumbi wa kukodi, viti vya chuma, nyama choma imetoka nje kwenye moshi, watoto wanakimbia kati ya meza. Uncle Jeff alikuwa amekuja kutoka Stafford, karibu na Houston. Nataka niwe wa haki kwake. Uncle Jeff ndiye aliyempokea Baba uwanja wa ndege alipofika Marekani mara ya kwanza, akampa koti lake mwenyewe. Alikuwa mcheshi, na mtu mcheshi akishapata watu wa kumsikiliza hajui breki iko wapi. Vijana walimwomba Baba Mkubwa aonyeshe jezi. Akaitoa kwenye mfuko, akaikunjua juu ya meza, taratibu, kama mtu anayemtandikia mtoto mchanga.

Uncle Jeff aliishika kola akaigeuza. "Mzee wangu, mbona hii ni ya Zambia? Ya Kenya iko wapi?"

"Tulibadilishana."

"Ah! Mlibadilishana." Akageukia vijana. "Jameni, mimi nimevaa mitumba maisha yangu yote. Nimevaa jezi ya Brazil mpaka ikapasuka kwapani, na sijawahi kubadilishana na mtu. Nilibadilishana na mama wa soko la Gikomba!"

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu alivyosema ilichekesha. Baba Mkubwa alitabasamu. Akaikunja ile jezi, mkono wa kushoto, mkono wa kulia, akairudisha.

"Mzee ni utani tu," Uncle Jeff akasema.

"Najua ni utani, ndugu yangu."

Lakini neno mtumba lilikuwa limeshatoka, na Wakenya wote pale walijua mtumba ni nini. Kitu chochote cha dunia hii kinaweza kufika Gikomba. Njiani kurudi, mimi nikijifanya nimelala, Baba aliuliza bila kuondoa macho barabarani, "Kwa hivyo siku ile ulikuwa wapi?"

"Nilishakuambia, Simiyu."

"Niambie tena."

"Nikikuambia tena itabadilika?"



Vijana waliacha kuja. Hawakumtukana mtu, waliacha tu, mmoja ana mtihani, mwingine gari limekufa. Jumamosi ngazi zilibaki tupu na goti likachuliwa bafuni mlango umefungwa. Kisha nikamsikia Baba Mkubwa akimwambia Mama kwamba ametafutiwa chumba Houston na mtu wa kazini. Mama akasema, "Shemeji, nani amekufukuza?" Akajibu hakuna aliyemfukuza. Niliogopa mambo mawili. Niliogopa ataondoka, na niliogopa ataondoka akiwa mwongo, kwa sababu nilikuwa nimeanza kumpenda, na sikujua mtu anampendaje mwongo.

Kabla ya kufunga mizigo aliifua ile jezi kwenye beseni na kuianika kwenye reli ya roshani, jambo lililokatazwa na meneja. Mimi nilikuwa chini na Mele, binti ya Sione, tunapiga mpira ukutani. Ndege ikapita. Nikaziba masikio. Mele akasema kwa Kiingereza, kama tulivyoongea sote, mbona nafanya hivyo kila saa, niko mgonjwa? Nikamwambia sitaki yapikike kama ya baba yake na Baba Mkubwa wangu.

Mele alikaa chini kabisa kwenye saruji. Alicheka mpaka akashika tumbo. "Ni raga!" akasema alipopata pumzi. "Ni raga, wewe! Ukiingiza kichwa katikati ya watu wanasukumana, masikio yanakunjika. Babu yangu anayo. Wajomba wote wanayo. Ndege? Ndege!" Akakimbia kumwambia baba yake.

Sione alitoka na kijiko cha kupikia mkononi. Hakucheka. Aliangalia juu, akaiona jezi kwenye reli, kisha akamwona Baba Mkubwa aliyekuwa ametoka kuona kelele ni ya nini. Walikuwa wamesalimiana miezi mingi, vile majirani husalimiana, mmoja anaingia, mwingine anatoka, kofia za kazi zimefunika masikio. Sasa wote wawili vichwa wazi. Sione akagusa sikio lake. Baba Mkubwa, juu, akagusa lake.

"Safu ya pili?" Sione akauliza, yaani ya wale wanaoingiza kichwa katikati na kusukumana.

"Safu ya pili. Na wewe?"

"Mbele. Kulia, pale panapobana shingo."

"Pole."

Hapo ndipo Sione alipocheka, na Baba Mkubwa akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimewahi kukisikia kwake, cha mtu aliyekutana na wa kwao. Sione alipanda ngazi mbili mbili. Aliishika jezi, maji yakimdondokea kiatuni, na swali alilouliza halikuwa la Uncle Jeff.

"Yako amebaki nayo nani?"

"Jamaa mmoja mrefu, wa migodini," Baba Mkubwa akasema. "Alinisumbua mechi nzima. Ilipoisha akavua, nami nikavua."

Nilisimama pale mdomo wazi. Nilikuwa nimeyaangalia yale masikio kila siku ya Mungu. Ukumbi mzima wa Jamhuri ulikuwa umeyaangalia, watu wanatafuta ushahidi kwenye kola ya jezi, na ushahidi umekaa kichwani kwa mzee, kulia na kushoto, kitu ambacho Gikomba haiuzi.

Baba aliporudi kutoka kazini nilimpokea mlangoni na habari yote, nikirudia rudia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akivua viatu.

"Sawa," akasema. "Alicheza. Mimi sijawahi kusema hakucheza, Nafula. Lakini masikio hayasemi alikuwa wapi siku ile."

Hilo nalo lilikuwa kweli.

Jumamosi iliyofuata Sione alimchukua Baba Mkubwa mazoezini. Watonga walifanyia mazoezi uwanja wa nyuma ya shule ya msingi, nyasi zimekauka na baridi zikawa rangi ya mkate. Walikuwa wamepungukiwa mtu wa safu ya pili. Sione alisema ni kusukuma tu, hakuna kukimbia, mzee asiogope. Na avae jezi yake, nani hucheza bila jezi? Mama ndiye aliyemwambia Baba atupeleke. Baba alitupeleka, akabaki amekaa juu ya boneti na mfuko wa njugu, uso upande wa barabara.

Sione alichana ukanda mrefu wa plasta nyeupe akamzungushia Baba Mkubwa kichwani, mara kadhaa, kuyabana masikio. Kisha wakajipanga. Sijawahi kuona kitu kama kile na sijaona tena. Watu wakubwa, wa kutosha kujaza basi dogo, walishikana mabegani, wakainama, vichwa vikaingia mahali ambapo hapana nafasi ya kichwa, na Baba Mkubwa akapotea humo ndani, nikaona mgongo wa kijani tu.  Mtu akaita. Wakagongana.

Mlio ule sio wa kupigana. Ni kama mlango wa ghala ukifungwa, halafu pumzi, pumzi ya watu wote kwa pamoja, kama mnyama mmoja. Ardhi ilisogea; niliisikia kwenye nyayo. Mele alinishika mkono, naye alikuwa amezoea. Lile lundo lilisimama, likatetemeka, halikwenda mbele wala nyuma, mvuke ukapanda kutoka migongoni kwenye baridi ile, kisha upande wa Baba Mkubwa ukaanza kwenda. Polepole. Hatua ya mtoto. Nyingine. Nilielewa, ingawa sikuwa na maneno, kwamba mle katikati, pasipoonekana na mtu, palikuwa na mzee anayepakia mizigo, naye alikuwa anausukuma ulimwengu kwa shingo. Sijui kama ni sawa kusema niliogopa. Niliona haya kuwa mdogo namna ile.

Wakarudia. Wakarudia tena. Mwishowe alitoka, akampigapiga kila mtu mgongoni, akaanza kuja kwetu akikatiza zile nyasi kavu. Alikuwa anachechemea kidogo. Jezi ya kijani, kichwa cheupe, damu kidogo imetoka upande wa kulia chini ya plasta.

Baba alikuwa amegeuka. Mkono wenye njugu ulisimama njiani kuelekea mdomoni.

"Mkubwa," akasema, na sauti haikuwa yake. "Ile siku ulikuja hivyo."

"Siku gani?"

"Uliyokuja nyumbani. Baada ya mzee. Nilikuwa na ng'ombe kule chini. Nikaona mtu wa kijani anapandisha na njia ya mtoni, kichwa cheupe. Nikafikiri ni shetani. Nikakimbia."

Baba Mkubwa alisimama. "Ulikimbia kweli. Ukaniachia ng'ombe."

"Shangazi alisema umetoka baa. Kwamba ulikuwa Nairobi, umelewa, ukapasuliwa kichwa, ndiyo sababu hukuja kuzika. Watu wote walisema hivyo. Mimi nimekua nikijua hivyo."

"Baa?"

"Baa."

Baba Mkubwa alitafuta mahali pa kukaa, akakaa kwenye ukingo wa saruji wa maegesho, mikono magotini. "Sikio lilikuwa limejaa damu, Simiyu. Lilifura kama andazi. Waliitoa damu kwa sindano usiku wa mechi wakanifunga, nikasafiri njia yote hiyo nimefungwa, na ile jezi mwilini kwa sababu nilikuwa naringa nayo. Nilishuka Nairobi ndipo mtu wa kwetu akaniambia mzee amekwenda. Sikwenda hata kubadilisha shati."

"Hukusema."

"Nilisema nilikuwa Zambia. Mkanyamaza wote. Nikajua mmenyamaza kwa sababu nimechelewa, na hiyo ilikuwa haki yenu." Akatikisa kichwa. "Kumbe baa."

Watonga walikuwa wanacheka kwa mbali, mtu anafungua kisanduku cha barafu. Baba alishuka kwenye boneti. Alichuchumaa mbele ya kaka yake, akaishika ncha ya ile plasta, akaibandua pole pole, zamu baada ya zamu, mpaka sikio la kulia likatoka. Akaliweka kwenye vidole vyake. Mimi sijawahi kumwona mtu mzima akimshika mwenzake sikio, na siku hiyo sikuona ajabu.

"Ni gumu," Baba akasema.

"Hilo halisikii vizuri. Ukitaka kuniambia kitu, ongea na lile lingine."

Baba akahamia upande wa pili. Alichosema huko sikukisikia, nami nimeamua miaka yote hii kutokukibuni.

Huwa najiuliza kama Baba alikumbuka kweli, au aliona alichohitaji kuona. Akili hufanya hivyo. Naiona kwa wagonjwa wangu. Labda hapakuwa na kichwa cheupe kwenye njia ya mtoni, labda alikitengeneza pale pale juu ya boneti. Siwezi kuapa. Lakini habari ya ng'ombe aliyeachwa, Baba Mkubwa aliimalizia mwenyewe, na hakuna aliyekuwa amemfundisha.

Chumba cha Houston alikiacha. Vijana walirudi baada ya kumwona na Watonga, na Jumamosi ngazi zikajaa. Uncle Jeff aliposikia, alipiga simu kuomba radhi, akazungumza muda mrefu; Baba Mkubwa alimwambia asijali, hata yeye angedhani ni mtumba. Usiku wa jana Uncle Jeff alipiga tena kutupa pole, sasa naye ni mzee, akalia kwenye simu. Baba Mkubwa alipostaafu na kurudi nyumbani, hatukumwona akiiacha ile jezi. Tuliikuta kwenye kabati la Baba, chini ya mashati yake ya kazi.

Leo Baba ndiye ambaye hakufika. Huko nyumbani wapo watu ambao sasa hivi, chai mkononi, wanaeleza kwa nini, na sijui wanasema nini. Nilipomkabidhi mfuko aliinusa jezi kwanza. Kisha akaniomba nimsaidie kuivaa, kwa sababu ya nyonga hawezi kuinuka vizuri. Inamfika mapajani. Mikono nilimkunjia mara mbili.

Jioni barafu ilipolegea Mele alikuja, siku hizi ana watoto wakubwa, akaleta yale majani ya nduma wanayofungia nyama ya kopo na tui la nazi. Mama alisonga ugali wa unga mweupe, tukala pamoja na kuku wa kuchemsha na sukuma. Baba alipewa firigisi, ambayo kwetu ni ya mkubwa wa nyumba. Aliikata katikati. Nusu aliila, nusu akaiacha ukingoni mwa sahani, nasi hatukuiondoa.